Kwa nini mtu wa bima ya lori huwahi wodini kuliko ndugu?

#1 Shemeji Mtu
Habari wakuu. Wiki 5 zilizopita mume wa dada yangu alikuwa amesimama kwenye foleni na gari ndogo, barabara inakarabatiwa. Semi likaja nyuma na shehena yake, halikusimama. Pingili ya 11 ya kifua imepasuka, vipande vimeingia ndani. Kafungwa vyuma. Chini ya kitovu hasikii kitu.

Siku ya 6, kaka yake hata hajafika, akatokea jamaa nadhifu, ana bahasha na kalamu mbili. Katokea bima ya lori, kaleta "pole", asaini tu hapa. Karatasi ina kurasa 4. Ya mwisho inasema mdai amepokea malipo kamili na hana dai lingine lolote, la sasa wala la baadaye, dhidi ya dereva, mwenye lori na bima. Tangu hapo karudi mara mbili. Dada anataka mumewe asaini maana hela imekata. Nimeificha hiyo karatasi, na dada haongei na mimi.

Wanawahi nini hasa? Na akisaini ndiyo basi?

#2 Kanyaga Twende
Kalamu mbili? Moja ikigoma nyingine ipo. Hao walijipanga kabla lori halijaondolewa barabarani.

#3 Wakili Mchovu
Pole kwa familia. Hiyo inaitwa hati ya kumaliza dai. Ikishasainiwa na mtu mwenye akili timamu, kuitengua ni kazi ya kupanda mlima na gunia: uthibitishe ulaghai, au shinikizo, au kwamba alikuwa kwenye dawa kali hajui anachosaini. Inawezekana, lakini hutaki kuanzia huko.

Wanawahi kwa sababu dai linapanda bei kila mwezi. Siku ya 6 ni bili ya hospitali na mishahara michache. Baada ya miezi 8 ni kiti cha magurudumu, kitanda maalumu, mipira ya mkojo ya kila siku, kubomoa mlango wa choo, msaidizi, mshahara wa miaka 25 iliyobaki. Wanajua hesabu hiyo kuliko nyinyi.

Msichanganye mambo mawili. Kuna malipo ya awali yasiyofunga dai, ambayo mnaweza kuyaomba kwa maandishi, na nchi nyingi mahakama inaweza kuyaamuru kesi ikiwa inaendelea. Na kuna malipo ya kumaliza. Mwambie dada: tunaitaka hela, hatuutaki ukurasa wa mwisho.

#4 Nesi wa Zamu
Naomba nirekebishe lugha kidogo kabla hamjaenda mbali, maana hata kwenye mafaili ya kesi huwa inachanganywa. Uti wa mgongo ni mifupa, zile pingili. Ndani yake kuna ugwe, ndio waya wenyewe wa kupeleka na kurudisha taarifa. Unaweza kuvunja pingili ugwe ukabaki mzima, na unaweza kuumia ugwe bila mfupa hata mmoja kuvunjika. Anayelipwa fidia kubwa kwa kawaida ni wa ugwe.

Halafu mkuu Mchovu kasema bei inapanda. Sawa, lakini kuna la kitabibu pia. Ugwe ukipigwa, unazimika wote chini ya pale palipoumia, hata sehemu ambazo hazijafa. Hali hiyo hukaa siku kadhaa, wengine wiki. Ndani ya kipindi hicho hakuna daktari mkweli atakayekuambia mguu huu utarudi au hautarudi. Nafuu kubwa huonekana miezi 6 ya kwanza, ikaendelea taratibu mpaka mwaka au zaidi. Kwa hiyo mtu wa bima siku ya 6 ananunua gizani, na nyinyi mnauza gizani.

Swali kwa mleta uzi: alipimwa njia ya haja kubwa? Kwa kidole? Msicheke. Kipimo cha kimataifa kina madaraja A mpaka E, na kinachotenganisha A na B ni kama mgonjwa anasikia chochote pale, hata shinikizo tu. A maana yake hakuna kitu kinachopita. B, C, D kuna njia imebaki. Watu wanaangalia vidole vya miguu tu, kumbe jibu liko kwingine.

#5 Kanyaga Twende
Nesi, watu tunakula huku.

#6 Dereva Mstaafu
Nimesoma #3 na #4, wote mmeangalia mgonjwa. Mimi nimeendesha semi miaka 22, naangalia lori. Wanawahi kwa sababu ya lori.

Injini za kisasa zina kompyuta. Breki ikikamatwa ghafla inarekodi mwendo, mguu ulikuwa kwenye nini, sekunde kadhaa kabla ya kusimama. Lakini kwa injini nyingi inayobaki ni rekodi ya kusimama kwa mwisho tu: lori likirudi kazini na kusimama tena, inaandika juu yake. Lori likitengenezwa na kupakia safari ya wiki ijayo, ushahidi umeshafutika na hakuna aliyefuta. Limefuta lenyewe kwa kufanya kazi.

Na takografu, kile kifaa cha lori kinachorekodi mwendo na saa za dereva. Ulaya dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 na nusu mfululizo bila kupumzika dakika 45, na siku ya kawaida ni saa 9 za usukani. Marekani ni saa 11 baada ya kupumzika saa 10. Kumbukumbu hizo kampuni hailazimiki kuziweka milele. Marekani ni miezi 6. Mgonjwa anatoka wodini akiwa na akili ya kuuliza, miezi 6 imepita. Kwa hiyo jamaa wa bahasha anakuja kukushughulisha na kalamu huku lori linaoshwa.

#7 Utingo Zamani
Mzee Mstaafu umenikumbusha. Lori letu moja liligonga, mimi nikiwa nimelala nyuma ya kiti. Polisi hawajafika, bosi kapiga simu: "Semeni breki zimefeli." Hakuuliza kama kuna mtu kaumia.

#8 Wakili Mchovu
@Utingo, bosi wako alijichimbia shimo bila kujua. "Breki zimefeli" inamwokoa dereva, inamzamisha mwenye lori. Breki haifeli yenyewe kama mvua. Kuna kesi ya Uingereza ya 1969, lori lilikuwa linashuka mlima, bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu sehemu isiyoonekana bila kulifungua. Likamuua mtu. Wenye lori wakasema hakuna fundi angeiona ile kutu. Baraza la Malodi, wakati huo ndiyo mahakama ya juu kabisa huko, likasema: basi tuonyesheni historia ya hilo lori, lilibeba nini, lilipita wapi, kuna jambo lolote lililowapasa kulifungua bomba? Hawakuonyesha. Wakashindwa.

@Mstaafu, hoja yako ni nzito na ndiyo sababu barua ya kwanza isiwe ya kuomba hela. Iwe ya kuwataka watunze lori, kompyuta, takografu, daftari la matengenezo, hati ya mzigo na simu ya dereva. Mkishawaandikia wakaviharibu, hakimu anaruhusiwa kuwafikiria vibaya.

#9 Mhasibu wa Madai
Jamani. Nimekaa dawati la madai ya bima miaka 11, nimestaafu, sina wa kumtetea. Mnatujenga kama wachawi.

Tunawahi kwa sababu faili likifunguliwa lazima tutenge fedha, na huwezi kutenga bila kumwona mtu. Tunawahi pia kwa sababu familia iliyotembelewa haina hasira kama isiyotembelewa. Hilo la lori kujifuta si mpango wa mtu wa bahasha. Huyo hata hajui lori liko karakana gani. Mara nyingi bima na mwenye lori hawaelewani, maana bima ikigundua dereva alikuwa hana leseni ya daraja lile, itamlipa majeruhi halafu imgeukie mwenye lori.

Ila kumpelekea hati ya kumaliza mtu wa mgongo siku ya 6, hapo sina utetezi. Sisi tulikatazwa.

#10 Kanyaga Twende
Mlikatazwa mkaacha, au mlikatazwa tu?

#11 Mhasibu wa Madai
Mkuu, nimesema nimestaafu.

#12 Msomaji Kimya
Mimi naona wote mnazunguka. Wanawahi kwa sababu hela ya nyumba huisha wiki ya 4. Basi. Hawahitaji giza la daktari wala kompyuta ya lori. Wanahitaji dada wa mleta uzi achoke. Angalieni #1, hela imekata.

#13 Dereva Mstaafu
Halafu watu wa magari madogo hawajui lori ni kitu gani. Semi lililojaa Ulaya kawaida hufika tani 40, Marekani pauni 80,000, karibu tani 36. Breki ni za upepo, ukikanyaga upepo unasafiri kwenye mabomba mpaka tela la nyuma, inapita karibu nusu sekunde. Kwa mwendo wa 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Kwa hiyo mita 12 zinaliwa na upepo tu, breki bado haijashika. Hapo sijahesabu dereva kushtuka. Mtu aliyesimama kwenye foleni anachoona ni kioo cha nyuma kujaa taa.

#14 Shemeji Mtu
Asanteni sana wakuu. Mzee Mstaafu, hiyo ya kioo kujaa taa ndivyo alivyotuambia, maneno hayohayo.

Nesi, kipimo cha kidole sijui, nitauliza. Karatasi ya rufaa imeandikwa A lakini tarehe yake ni siku ya pili.

Kuna jambo sikulisema. Hakuwa na mkanda. Jamaa wa bahasha kalisema mara tatu.

#15 Kanyaga Twende
Sasa umelileta ukurasa wa pili kama siri ya ndoa.

#16 Wakili Mchovu
Tulia. Kutofunga mkanda hakumfanyi aliyesimama kwenye foleni awe ndiye aliyejigonga. Ni uzembe changizi, unapunguza fidia, hauifuti. Uingereza wana kipimo cha tangu 1975, kesi ya Froom dhidi ya Butcher: kama mkanda ungezuia jeraha lote, kata asilimia 25. Kama ungepunguza tu, asilimia 15. Kama usingesaidia kitu, usikate hata senti. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza hukisoma kipimo hicho. Kwingine wana lao, kuna majimbo ya Marekani ambako suala la mkanda haliruhusiwi hata kutajwa mahakamani.

Na mzigo wa kuthibitisha kwamba mkanda ungesaidia ni wa anayelalamikia mkanda.

#17 Nesi wa Zamu
Na wathibitishe kweli. Aliyegongwa kwa nyuma kwanza anabanwa kwenye kiti, mkanda hauna kazi kubwa hapo. Kazi yake inakuja gari likisukumwa likagonga la mbele. Aligonga mbele?

Tena mkanda wenyewe una makosa yake. Ule wa kiuno pekee, wa kiti cha katikati nyuma, mwili unajikunja juu yake kama kisu cha kukunja na pingili za kiunoni zinachanika. Nimewapokea wana alama ya mkanda tumboni na utumbo umetoboka. Mkanda wa bega unaokoa, siwaambii msifunge. Nasema tu "angefunga asingeumia mgongo" ni sentensi ya mtu wa bahasha, si ya daktari wa mifupa.

#18 Shemeji Mtu
Aligonga la mbele, ndiyo.

#19 Magurudumu Manne
Nimekuwa nasoma tu. Mimi niko kwenye kiti mwaka wa 8, lori la mchanga, pingili ya 4 ya kifua. Nilisaini siku ya 19. Nilisaini mwenyewe, mkono wangu, mikono yangu ni mizima.

Niwaambie nilichouza. Usiku mmoja mwaka wa pili kichwa kilianza kugonga kama kuna mtu ndani na nyundo. Jasho usoni na shingoni, kifuani kushuka chini pakavu. Mke wangu alikuwa safarini, nipo na kijana wa jirani. Mimi sikujua. Ukiumia pingili ya 6 ya kifua au juu yake, mwili ukipata kero huko chini usikosikia, presha inaruka peke yake, inaweza kukupasua mshipa wa kichwa. Na kero yenyewe unajua ilikuwa nini? Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja. Kibofu kimejaa kama mpira wa miguu. Kijana akaninyanyua nikae wima, akafuata ule mpira kwa kidole kutoka kwenye mfuko kurudi juu mpaka akafika pale penye kona. Aliponyoosha nikasikia mkojo unaanguka kwenye mfuko, na kichwa kikaanza kushuka.

Kwenye karatasi yangu hakukuwa na mstari wa mtu wa kukaa macho usiku. Sikujua ni kitu cha kudai. Vidonda vya kulalia pia sikujua. Najiinua kwenye kiti kila nusu saa, nina kioo cha mkono cha kukagua makalio asubuhi na jioni, hata hivyo mwaka wa 4 nililala kifudifudi miezi 5 kwa kidonda kimoja cha ukubwa wa kizibo.

Shemeji Mtu, yeye ni ya 11, hiyo ya presha haimhusu sana. Vidonda vinamhusu. Mkojo unamhusu. Fanya orodha kwa kukaa naye siku nzima, toka anapofungua macho.

#20 Utingo Zamani
Kaka pole. Nimesoma mara mbili.

#21 Mhasibu wa Madai
@Magurudumu, siku ya 19 hakupaswa mtu kukuletea karatasi. Hilo nakubali bila "ila".

#22 Mwalimu wa Historia
Kukagua ngozi na kugeuzwa kulikuwa vita. Kabla ya Vita vya Pili mtu wa kupooza miguu alikuwa akisubiriwa afe kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. 1944 daktari Ludwig Guttmann akaanzisha kituo Stoke Mandeville, Uingereza, akalazimisha wagonjwa wageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, na inasemekana alikuwa akipita mwenyewe usiku kukagua. 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, akawapanga wanajeshi majeruhi 16 kwenye mashindano ya upinde. Ndiyo mbegu ya Paralimpiki.

#23 Kanyaga Twende
Tumetoka kwenye kalamu mbili tumefika kwenye upinde na mshale. Uzi huu mzuri.

#24 Msomaji Kimya
Kuna nchi hamna kesi kabisa. New Zealand tangu 1974 ukiumia kwa ajali humshtaki mtu. Mfuko wa taifa unakulipa asilimia 80 ya kipato, matibabu, msaidizi, hata kama kosa lako. Hakuna bahasha wala mkanda. Kwa nini tunagombania kosa la nani wakati mgongo ni uleule?

#25 Wakili Mchovu
Nitakosa kazi lakini hoja ni nzuri. Upungufu wake: maumivu yenyewe hayalipwi, na mwenye lori bovu hakutani na hakimu kwa sababu ya mgongo wako. Utingo na bosi wake wangependa kuishi huko.

#26 Mhasibu wa Madai
Hata wakishinda kesi kuna mtego mwingine: hela ya mkupuo. Unalipwa leo hela ya miaka 30, kwa hiyo wanaipunguza kwa riba mnayodhaniwa mtaipata mkiiwekeza. Uingereza riba hiyo ilishuka mpaka asilimia hasi 0.75 mwaka 2017, ikawa hasi 0.25 mwaka 2019, na tangu Januari 2025 ni 0.5 chanya. Tarakimu moja ikisogea, fidia ya mtu wa mgongo inasogea mno.

#27 Kanyaga Twende
Riba hasi? Yaani hakimu anakiri kwamba hela ikiwekwa benki inaliwa na panya?

#28 Mhasibu wa Madai
Anayeipanga ni waziri wa sheria, si hakimu, na anakiri kwamba bei zinakimbia kuliko riba. Lakini ya panya nimeipenda. Ndiyo maana huko tangu 2005 hakimu anaweza kuamuru malipo ya kila mwaka mpaka mtu afe, badala ya gunia moja.

#29 Magurudumu Manne
Ningepewa ya kila mwaka ningeichukua jana. Ya gunia nilinunua gari la biashara. Msiniulize liko wapi.

#30 Bi. Tarehe
Hamjasema kitu kuhusu ukomo wa muda. Uingereza miaka 3. Marekani kila jimbo na lake: California 2, Tennessee 1, Louisiana 1. Mkingoja nafuu ya miezi 12 aliyosema Nesi mnaweza kukuta mlango umefungwa.

#31 Wakili Mchovu
Louisiana ilikuwa 1. Ajali za kuanzia Julai 2024 ni 2. Mengine sawa, na asante, nilipaswa kulisema mimi. Mnaweza kufungua kesi mapema na kuomba isisikilizwe mpaka hali ya mgonjwa itulie. Na kama lori ni la serikali, taarifa ya kusudio la kushtaki huwa na muda mfupi zaidi.

#32 Dereva Mstaafu
Narudia: lori liko wapi sasa hivi? Watu 11 wameandika, hakuna aliyeuliza lori liko wapi.

#33 Shemeji Mtu
Nimefuatilia. Kichwa cha lori kimesharudi barabarani tangu wiki ya pili. Tela bado liko kituo cha polisi, na kumbe tela ni la mtu mwingine kabisa. Barua ya kutunza ushahidi imekwenda kwa wote wawili leo. Dada kaisoma #19 akaenda nje, aliporudi akaniomba ile karatasi. Nilidhani anataka isainiwe. Kaikunja, kaiweka kwenye mkoba wake.

Mtu wa bahasha kapiga simu, anasema ofa inaisha Ijumaa.

#34 Msomaji Kimya
Ofa inaisha kama ya viatu.

#35 Mhasibu wa Madai
Haiishi. Akipiga tena mwambie aandike kwa barua kwamba inaisha. Hataandika.

#36 Kitanda cha 9
Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, shemeji kanionyesha uzi wenu kwenye simu. Nimesoma wote, Kanyaga umenichekesha mpaka vyuma vimeuma. Nina swali moja na jibu moja.

Swali: kichwa cha lori kama kimerudi barabarani, ile kompyuta ndiyo imekwisha, au kuna pengine inapobaki?

Jibu ni la Nesi. Jana nilimwomba daktari anipime upya, akatoa glovu. Kidole nilikisikia.

#37 Nesi wa Zamu
Ulikisikia, au uliona anavyofanya? Ulikuwa umefumba macho?